Kula, Ni Dume Changa

Huku kwetu mtu akikosa shabaha mara mbili mfululizo hupewa jina, na jina hilo humfuata mpaka kaburini. Tunaye Piga-Mti, tunaye Hewa, na tunaye mchungaji mstaafu wa kanisa anayeitwa Radi, kwa sababu kishindo ni kikubwa na mvua hainyeshi. Shemeji yangu Anselme hana jina la namna hiyo. Niliolewa na mdogo wake, Mungu amrehemu, nimeishi naye ua mmoja tangu nikiwa msichana mwenye kiuno, na sijawahi kumsikia akipiga risasi ya pili.

Ni mtu mfupi, miguu imepinda kwa farasi, maana maisha yake yote amechunga ng'ombe kwenye ranchi ya Mzungu mmoja ng'ambo ya kilima. Huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi mchana, kofia imekaa upande, na kabla hajatusalimia hutazama kwanza ardhi. Atakwambia hapa amepita dume, anachechemea mguu wa nyuma, ametoka kunywa maji na hana haraka. Ukimwuliza habari za ranchi atajibu nzuri. Ukimwuliza habari za kulungu, vuta kiti.

Kulungu wenyewe si wa kwetu. Wazee wanasimulia kwamba waliletwa kisiwani kwa meli kutoka Java, wachache tu, zawadi kwa mke wa gavana wa Kifaransa, enzi za babu wa babu zetu. Wakaruka ua, wakaingia vichakani, na tangu hapo hawajamfanyia mtu desturi. Sisi Wakanaki, wenyeji wa kisiwa hiki, hata ukitaka kuvuka kijito kuokota kuni upande wa ukoo mwingine, huendi hivi hivi. Unachukua kitambaa, tumbaku na noti, unaviweka mkekani mbele ya mwenye ardhi, unainamisha kichwa, unasema wewe ni nani na umefuata nini. Akiviokota, umepokelewa. Asipoviokota, rudi kwenu. Kulungu hawakuweka mkekani hata kiberiti. Anselme hupenda kusema kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawa tumewapa mlima mzima na jembe wamelikataa.

Husema hivyo kwa mapenzi. Msimu wa madume kutafuta wake, yule dume mkubwa hukwangua nyasi na mizizi kwa pembe na kutembea navyo kichwani, majani yananing'inia mpaka machoni, akijiona hana mpinzani. Anselme huweza kukaa nusu ya asubuhi chini ya miti ya niauli akimtazama huku anacheka peke yake. Kisha humpiga risasi, maana kucheka hakushibishi.

Lakini dume tu. Jike haguswi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya bonde letu, na aliyeitunga ni yeye.

Ilianza kwa machozi. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, mkewe Eulalie akiwa na mimba ya Gaston, Anselme aliangusha kulungu jike kando ya kijito, akamleta nyumbani begani, akampasua mbele ya mkewe ili amwonyeshe unono wake. Ndani mlikuwa na mtoto, ametimia, ana kope. Eulalie akaangua kilio. Akakataa kula, akamshika mumewe mkono ule ule wenye damu, akamwambia amwahidi kwamba hataua mama tena. Anselme akaahidi. Gaston alizaliwa salama, na leo ana kitambi na anafanya kazi kwenye kiwanda cha nikeli.

Mwanamume mwingine angeitimiza ahadi hiyo mwaka mmoja, kisha angeisahau pamoja na kilio chenyewe. Ahadi ni deni, na Anselme hawezi kulala na deni. Alichukua neno la msichana mwenye mimba akaligeuza amri. Kila harusi, kila kikao, kila tulipokusanyika kula kiazi kikuu kipya cha mwaka, alisimama, akavua kofia na kusema kwamba mwanamume haui mama. Naye alikuwa ndiye fundi wa bonde zima, nani abishane naye? Vijana walifuata. Aliyeua jike alizika kichwa na ngozi usiku na kula nyama kwa haya. Basi mwaka baada ya mwaka tukawa tunawamaliza wale wenye pembe na kuwaacha wenye matumbo.

Eulalie alikuwa mkubwa wa mwili na mkubwa wa kicheko, na bustani yake ya viazi vikuu pale chini ya kilima ilikuwa ndiyo kanisa lake la pili. Kila Jumamosi Anselme akirudi alikuta chungu kinatoa mvuke. Nyama ilitoka wapi mume akiwa ranchini? Ilitoka kwa kaka yake Eulalie, Philibert, mjomba wa watoto, aliyekaa na ukoo wao ng'ambo ya kijito na kupenda kupita katikati ya juma na pikapu yake isiyo na mlango mmoja. Eulalie alimpakulia mumewe sahani ikajaa, akamwambia, "Kula, ni dume changa. Philibert alipita." Anselme alikula, akasifu ulaini wa nyama, akasema shemeji yake hajui kuendesha gari lakini kuchagua kulungu anajua. Nami nilikuwa nakula hapo hapo, sikupata kulala njaa nyumbani mwa Eulalie.

Wakati huo kilima kilikuwa kinakwisha. Sikuona siku kilipoanza. Niliona tu kwamba miche ya miti haikui, kwamba majani yote yameliwa mpaka urefu wa shingo ya kulungu, kwamba mvua ikinyesha kijito kinashuka chekundu na bomba linatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Bustani za watu ziliingiliwa moja baada ya nyingine. Watu wakaanza kununua mchele wa duka, na kiazi kikuu kikawa cha sherehe tu.

Ofisi ya mkoa ikamtuma binti mmoja wa Kiwallis, mtu wa kisiwa kingine, Malekalita, mwenye sauti nzito na buti kubwa. Alifika vizuri, aliweka kitambaa na tumbaku yake mkekani, wazee wakaviokota. Kisha akaeleza kwa upole kwamba dume mmoja anatosha kundi zima, hivyo ukiua madume unapunguza pembe tu, hupunguzi kulungu. Kila jike anayebaki anazaa. Kama tunataka kilima kirudi, tuanze na majike.

Anselme akasimama, akavua kofia. Akamwuliza kama mama yake yu hai.

"Yu hai, baba," akajibu Malekalita.

"Msalimie. Mwambie Anselme hakumpiga risasi."

Watu walicheka mpaka mwenye kiti akaanguka nacho. Malekalita naye alicheka, lakini hakuketi.

"Nitamfikishia, baba. Na wewe kesho asubuhi ukifungua bomba, nisalimie kilima, maana ndicho unachokinywa."

Nilimpenda pale pale. Lakini hakushinda siku ile, kwa sababu Anselme alikuwa na hoja moja ambayo hakuna aliyeweza kuijibu. Katika bonde lote bustani moja tu haikuwahi kuguswa na kulungu, nayo ni ya Eulalie. Kushoto wameliwa, kulia wameliwa, pale katikati viazi vinapanda mianzi yake bila jani kupungua. Anselme alisema kulungu wanamjua aliyewatetea. Mimi nilidhani ni zile sabuni za kunukia ambazo Eulalie alizitundika kwa kamba kwenye ua wa bustani ili ziwafukuze. Eulalie mwenyewe alikuwa mle kikaoni, ameketi nyuma na wanawake, na namkumbuka akiangalia vidole vya miguu yake.

Kisha akafa. Moyo tu, asubuhi moja baada ya mavuno, mkononi ana kikapu. Siwezi kulieleza hilo vizuri na sitajaribu. Ua wetu ulikuwa na kelele, ukanyamaza.

Kwetu pumzi ya mtoto hutoka kwa wajomba zake, na mama akifa unawarudia wajomba hao na shukrani mikononi. Mwaka ukitimia unaanua matanga, unaupelekea ukoo wa mke viazi vikuu vilivyolimwa katika ardhi aliyokuja kuolewa, ili waone kwamba binti yao hakuletwa kwenye nyumba ya njaa. Vitambaa vitakuwapo, mchele utakuwapo, lakini bila viazi hivyo umepeleka maneno matupu. Mpaka siku hiyo mjane hanyoi. Anselme akafuga ndevu, na ndevu zake zilikuwa mbaya, nyeupe upande mmoja na kahawia upande wa pili. Nilimwambia anafanana na mbuzi aliyepitia moto. Akasema Eulalie angecheka. Kisha akaenda nyuma ya banda la kuku akakaa huko muda mrefu.

Aliomba ruhusa ranchini, akailima bustani ile kwa mikono yake, nami nikamsaidia. Alipanda mbegu zile zile ambazo Eulalie alikuwa amezihifadhi, kila moja akiilaza kama mtoto. Viazi vikachipua, vikaanza kupanda mianzi, majani yakawa ya rangi ya kijani inayong'aa. Nikamwona anakula tena.

Ndipo kulungu walipokuja.

Tuliamka tukakuta safu nzima ya chini imekatwa, vishina vinatoka maji, mianzi imelala. Nyayo zilijaa udongo wote na hazikuhitaji fundi kuzisoma, zilikuwa ndogo, za majike na watoto wao. Anselme alichuchumaa pale akazigusa kwa kidole. Nilijua anachofikiria, kwamba miaka yote walimheshimu kwa ajili ya Eulalie, na sasa Eulalie hayupo, basi wameona hakuna wa kumheshimu.

Tulijaribu kila kitu. Tulitundika sabuni mpya. Tuliweka nyavu za kuvulia, shuka kuukuu, makopo, redio iliyokuwa ikisoma habari za Noumea mpaka betri zikaisha. Kulungu waliisikiliza ile redio kwa makini, kisha wakala safu ya pili. Anselme akawa anakaa bustanini na bunduki tangu kunapopambazuka. Dume akitokea alimwangusha, na tulikula madume mpaka tukawachoka. Majike aliwapigia kelele na kuwarushia mawe. Siku moja nilimpelekea chai nikamkuta amesimama na jiwe mkononi, na hatua chache mbele yake jike mmoja mnene anatafuna jani la kiazi cha Eulalie, taratibu, akimtazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango.

Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, na mimi hasira haikai kifuani.

"Shemeji, piga huyo."

"Jike huyo."

"Naona. Sijapofuka. Bado mvua tatu na hapa patabaki mianzi mitupu. Utawapelekea nini kina Philibert? Ndevu?"

"Nilimwahidi, Hortense."

"Uliyemwahidi yuko kaburini."

Akaacha jiwe likadondoka. Akasema hilo ndilo lililomfunga. Mtu aliye hai ukimwahidi unaweza kwenda kwake ukamwomba akurudishie neno lako. Eulalie atamrudishia vipi? Akisimama hapa na bunduki amemvunjia neno, akisimama hapa bila bunduki amemwaibisha mbele ya ndugu zake. Alisema hivyo huku akimtazama yule jike anayetafuna. Hasira yangu ikaisha yote.

"Basi neno lina wenyewe," nikamwambia. "Yeye ni wa ukoo wake. Nenda kwa kaka yake ukaliombe."

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Mimi nilibeba kitambaa, kizuri, cha maua ya bluu, nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya harusi ya mtu. Philibert alitupokea barazani, akatandika mkeka. Ni mtu mrefu, mcheshi, mwenye meno machache yaliyokaa mbalimbali, na siku za kawaida yeye na Anselme wakikutana hutukanana mpaka mbwa wanaondoka. Siku hiyo hawakutaniana. Anselme aliweka kitambaa, tumbaku na noti, akainamisha kichwa, akasimulia yote tangu yule jike wa kijitoni na mtoto mwenye kope. Akasema neno alilompa Eulalie amelibeba bila kuliangusha, lakini sasa limekuwa mlango uliofungwa kati yake na matanga ya Eulalie mwenyewe. Anaomba ukoo wake umfungulie.

Philibert akavitazama vitu vile mkekani. Hakuviokota.

Nilimwona Anselme anapungua pale alipoketi, mabega yanashuka. Nilitamani kumzaba Philibert kofi, na kama si desturi ningemzaba.

"Shemeji, siwezi kupokea hii," Philibert akasema mwishowe. "Siwezi kukurudishia kitu ambacho sinacho. Neno hilo dada yangu alilivunja mwenyewe zamani."

Anselme akainua kichwa.

Philibert akaanza kusimulia, na alikuwa akisema huku anazungusha kofia mikononi kama mtoto aliyevunja kioo. Kila mwaka viazi vinapoanza kupanda mianzi, Eulalie alimtumia ujumbe. Jumatatu Anselme anapanda farasi kwenda ranchini, Jumanne Philibert anavuka kijito. Alijificha upande wa chini wa bustani na kuwapiga majike, wale wale walioizoea njia, mpaka kundi likahama. Vichwa na ngozi walivizika nyuma ya banda la kuku. Nyama ikaingia chunguni. Tena si yeye peke yake. Akikosa, dada yake alimnyang'anya bunduki.

"Mkeo alikuwa na shabaha kunishinda," akasema. "Na labda kukushinda wewe."

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono. Nilikuwa nalikumbuka lile banda la kuku, na mbwa wetu waliokuwa wakichimba nyuma yake miaka yote, na Eulalie akiwafukuza kwa ufagio.

"Kwa nini hakuniambia?" Anselme akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilimwuliza hilo. Alisema hivi: 'Nilikuwa na mimba na kichefuchefu, nikasema jambo. Kesho yake nilikuwa nimelisahau. Lakini yeye amenipa zawadi, anaisimulia kila harusi, anaivulia kofia. Nitamwambia vipi kwamba siihitaji?' Ndivyo alivyosema. Alikuwa analia na kucheka."

Anselme akaanza kuuliza, pole pole, mlo mmoja baada ya mwingine. Ile nyama ya siku Gaston alipopokea kipaimara? Jike, akasema Philibert. Ile ya kari, ya Krismasi ya mwaka wa kimbunga? Majike wawili. Ile aliyompelekea mzee wa ukoo kama heshima, akaisifu mbele ya watu wote kwamba hiyo ndiyo nyama ya dume anayejua kujilisha? Philibert akainamisha kichwa. Jike, shemeji. Tena mzee.

Fundi wa bonde zima, anayesoma nyayo juu ya jiwe, hakuweza kusoma sahani yake mwenyewe. Nilimwambia hivyo, sikujizuia. Akanitazama, na kicheko kikaanza kumtoka tumboni, kikapanda mpaka kofia ikaanguka. Alicheka mpaka akapiga mkeka kwa viganja. Kisha kicheko kikageuka. Alilia kwa sauti, mbele yetu, bila kujifunika, kama ambavyo hakulia siku ya mazishi. "Kumbe alikuwa ananilinda," akawa anasema, "kumbe kulungu hawakunijua hata kidogo, ni yeye alikuwa ananilinda." Philibert akasogea akamshika bega. Mimi nililia pia. Nilikuwa nimemkumbuka Eulalie mpaka nikamsikia.

Walipotulia, Philibert aliingia ndani akarudi na tumbaku na kitambaa chake. Akaviweka juu ya vile vya Anselme, akavisukuma vyote upande wetu wa mkeka. Akainamisha kichwa, akasema miaka hiyo yote amewinda katika ardhi ya ukoo wa Anselme bila kumfanyia desturi. Amevuka kijito kila Jumanne kama kulungu, asiyesema yeye ni nani wala amefuata nini. Anaomba msamaha.

Anselme akaviangalia. Akamwambia mgeni siku mbili, na yeye, Philibert, amekuwa mgeni zaidi ya miaka thelathini, basi Jumanne aje na jembe lake, yaani bunduki. Kisha akaviokota.

Jumanne nilikuwapo. Philibert alikaa upande wa chini, Anselme upande wa juu, upepo unatoka kwenye kijito. Yule jike mnene alitokea na wenzake, akaja moja kwa moja kwenye safu yake. Anselme akavua kofia, akaiweka juu ya nyasi, ndipo akainua bunduki. Alichukua muda. Nilidhani hataweza. Kisha kishindo kikapiga kilima na kurudi, jike akaanguka mahali pale pale, wengine wakabweka na kutawanyika. Anselme alikwenda akapiga goti, akampapasa shingo, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Risasi ya pili aliiacha kwa shemeji yake, ambaye alikosa mara mbili mfululizo. Sasa Philibert naye ana jina, lakini yeye ni mjomba wa watoto, siliandiki.

Kikao kilichofuata Anselme alivua kofia kama kawaida yake, na watu wakajiandaa kusikia yale yale. Akasema walimsikiliza alipokosea, basi wamsikilize na leo. Kosa lilikuwa zuri, lilitoka mahali pazuri, lakini kilima kimeliwa nalo. Akamgeukia Malekalita akamwomba aeleze upya, kutoka mwanzo, na safari hii yeye Anselme ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha vijana. Waligawana kilima, kila ukoo na upande wake, kila mmoja akamfanyia mwenzake desturi mahali mipaka inapokutana. Majike kwanza. Nyama ikapelekwa kila nyumba, ya wajane ikitangulia, na mifupa ya taya Malekalita akaichukua ofisini kwake, anajua mwenyewe inamweleza nini. Bado kilima hakijapona, ila siku hizi mvua ikinyesha bomba linachafuka asubuhi na kutakata jioni, na kando ya kijito kuna miche iliyonipita magoti.

Safu za Eulalie zilizokuwa zimeliwa zilichipua tena, kwa unyonge. Tulivuna pungufu. Anselme alivipanga viazi mwenyewe siku ya kuanua matanga, virefu chini, vidogo juu, na fungu lilikuwa dogo kuliko alivyotaka, lakini lilikuwa la ardhi ile. Ukoo wa Eulalie ulikuja wote, ukasimama upande mmoja, sisi upande wa pili. Maneno yakasemwa na wasemaji. Wakaviokota viazi, kimoja kimoja, na mama mmoja mzee wa kwao akakibusu kimoja akakilaza kifuani. Hapo nilipumua.

Kisha tukafungua chakula, viazi na magimbi na nyama ndani ya tui, vilivyofungwa kwa majani ya mgomba na kuokwa juu ya mawe ya moto. Anselme alimpakulia Philibert kwa mkono wake, kipande kinono, laini, cha mgongoni. Philibert akakinusa. Akauliza kwa sauti ya kusikika na ukoo mzima ni nyama gani hii.

Anselme akamtazama, na ndevu zake mbaya zikacheza.

"Kula, shemeji. Ni dume changa. Eulalie alipita."

Philibert akala mpaka akalamba vidole. Halafu akaomba wembe na maji ya moto, akamkalisha Anselme kwenye kiti cha Eulalie, akamnyoa.